Naomi Asome Nini Sasa

Kinampanda, baada ya mavuno

Mama Naomi,

Barua zote nilizopata kuandika nilianza kwa kuuliza hali ya mwenzangu. Leo kalamu imekwama hapo hapo. Nikuulize nini wewe? Acha nikueleze ya kwetu tu.

Tulikuzika pamoja na mtoto mchanga, kaburi moja. Alikuwa wa kiume. Sijui kama uliwahi kumwona. Vijana waliokubeba kwa machela kwenda hospitali Kiomboi walikwenda mbio, wakipokezana bila kupumzika, lakini damu haikuwangoja. Tulirudia njiani. Tulipoingia uani Naomi alikuwa amekaa kwenye ngozi yake ya ng'ombe, ubao mapajani, hesabu amekwisha kuzifanya zote, anakusubiri umsahihishie. Alitazama machela, akatazama uso wangu, akaanza kufuta ule ubao kwa kiganja. Akafuta, akafuta, hata pasipokuwa na chaki.

Mtama umetoka kiasi. Karanga zimeliwa na panya. Mama yako yuko nasi, ndiye anayepika. Lakini sikukaa kuandika kwa sababu ya hayo. Nimeandika kwa sababu ya masomo ya Naomi, maana hilo ndilo uliloniachia, nami limenishinda.

Unakumbuka alipomaliza darasa la nne? Wale wa shule ya bweni walisema hawana mtu wa kumbeba msichana ambaye homa ilimkausha miguu. Mimi nilirudi nyumbani kichwa chini. Wewe ulichukua ufagio, ukafagia uani mpaka ukutani, ukasema, "Basi darasa la tano litakuwa hapa." Kesho yake mkaanza. Wewe ulikuwa umefika darasa la sita kwa wamisheni, Kiingereza ulikijua. Nilikuwa nikirudi kutoka shambani nawasikia mnaongea maneno nisiyoyajua, mnacheka, nami nacheka pia bila kujua cheko ni la nini.

Sasa kila mtu ana shauri lake. Mama yako alinikalisha chini akasema, "Mkwe wangu, mtoto huyu atakula karatasi? Siku mimi na wewe hatupo, nani atamlisha? Mfundishe kusuka vikapu. Mikono anayo." Ni mama. Tena hakusema kwa ubaya. Alikuwa analia. Mchungaji naye alikuja kutuombea, akaniambia Injili na kushona vinamtosha mtoto wa namna ile. Namna ile! Nilimsindikiza mpaka njiani kwa adabu zote, nikarudi nikapasua kuni nyuma ya ghala mpaka giza likaingia.

Nikaenda kwa Mwalimu Elia, yule wa shule yetu ya kijiji. Alinipangia vitabu mezani: Hesabu, Jiografia, Afya, Kiingereza. Cha Jiografia kilikuwa na mito ya Uingereza, imechorwa yote na majina yake, na mto wetu hapa mwezi huu ni mchanga wa kuchotea maji kwa kata. Nikamwuliza nimfundishe kipi, maana vyote siviwezi. Mimi unanijua, elimu yangu ni ile ya jioni ya watu wazima, kusoma na kuandika basi.

Mwalimu akakisogeza mbele kile cha Kiingereza. Akasema, "Baba Naomi, nikuambie kweli? Mtihani wa darasa la nane ninaweza kumwombea aufanye pamoja na wenzake. Lakini bila Kiingereza mlango ule haufunguki, hata akijua mengine yote."

Nikavibeba vyote. Nilidhani nikivibeba vyote sitakuwa nimechagua.

Tulianza na hesabu, kwa kuwa niliona hesabu ni hesabu, hazina lugha. Zikaja zile za sehemu: nusu kujumlisha theluthi. Nikamwambia moja na moja ni mbili, mbili na tatu ni tano, kwa hiyo jibu ni mbili juu, tano chini. Aliniangalia kwa huruma, Mama Naomi. Mtoto wako aliniangalia kwa huruma. Akasema polepole, "Baba, Mama alisema kwanza za chini zifanane." Halafu akasikia alichokisema. Alilia mpaka akatapika, bibi yake akaja akamwondolea ubao.

Siku nyingi hatukusoma. Alikuwa anageukia ukuta. Uji unapoa. Nikaona nimemzika na yeye.

Mwalimu Elia aliposikia alikuja mwenyewe. Alikubali kuja kila Jumamosi kumfundisha Kiingereza, nami nimfanyie palizi ya shamba lake. Jumamosi ya kwanza Naomi hakufungua mdomo. Jumamosi zilizofuata alijibu. Ilifika siku alimsahihisha Mwalimu neno moja, Mwalimu akacheka, akapiga paja, akaniita nitoke ndani nisikie. Nilianza kupumua. Nilikuwa hata nimechagua mti wa kukata nimtengenezee kiti cha kukalia kwenye mtihani.

Kisha serikali ikamhamisha Mwalimu. Amepelekwa Sepuka, kwa Wanyaturu huko. Alikuja kuaga na mkewe na mizigo. Akamshika Naomi kichwa, kisha akajitwika mzigo wake. Aliyeletwa badala yake ni kijana, ana madarasa mawili ya kufundisha peke yake, amesema hana nafasi, nami simlaumu.

Niliwaza kuhamia Singida mjini, pale Utemini, kwa binamu yako. Nikaenda kuuliza. Shule za kule nazo zilitazama habari ya miguu, hazikutazama habari ya kichwa.

Niliporudi nilimkuta Naomi amekitenga kitabu cha Kiingereza, amekiweka mbali na vingine. Nikasema tutatafuta mtu mwingine. Akasema, "Baba, tukiache."

"Kwa nini? Wewe unakiweza."

"Nikikisoma nasikia sauti ya Mama. Nikigeuka, hayupo."

Ningeweza kumlazimisha. Baba mwingine angemlazimisha. Nilikitazama kile kitabu, nikamtazama yeye, nikasema, "Haya." Kwa neno hilo moja darasa la nane limekwenda. Ulilolitaka kwa moyo wako wote nimeliachia mimi, na sijui kama nilikuwa na njia nyingine. Kama ilikuwapo, sikuiona.

Nikamwuliza basi asome nini. Akachagua cha Afya. Alikisoma kwa haraka, kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka nyasini: vyoo, mbu, kuchemsha maji ya kunywa, usafi wa meno. Alipofika ukurasa wa mwisho alikifunga akasema, "Hakuna."

"Hakuna nini, mwanangu?"

"Damu ya mama anayezaa. Hawakuandika."

Nilikaa naye kwenye ngozi mpaka jua likatuhama.

Hivyo ndivyo tulivyo, mke wangu. Sitakudanganya kwamba itakuwa vizuri. Naomi hataufanya ule mtihani. Ninaandika hivi ili kama huko mliko watu hungoja habari, wewe usiingoje hiyo. Pumzika. Mshike mtoto wetu, mpe jina, maana mimi sikuweza kumpa.

Ahadi yangu ni ndogo, kubwa sina. Kila asubuhi kabla sijashika jembe nitasoma peke yangu somo la siku, la Hesabu au la Jiografia, mpaka nilielewe. Nisipolielewa, nitamwambia Naomi kwamba sikulielewa. Sitamfundisha uongo tena. Na hakuna atakayemwita mtoto wa namna ile mbele yangu, awe nani.

Lala salama, Mama Naomi.

Ni mimi mumeo,
Baba Naomi