Mwenye Njuga

Mpendwa Senge,

Hapa Kitale mvua imenyesha tangu mchana, na mahindi yamejaa sebuleni kama yalivyokuwa yakijaa kwako Tongaren. Siwezi kuona gunzi bila kukukumbuka wewe, shangazi yangu, na mashujaa wako.

Kaka Wafula ndiye aliyeleta ule mchezo kutoka shuleni. Mmoja anasimulia, wengine wanakuwa mashujaa, na dadu zinaamua nani ataanguka. Hatukuwa na dadu, kwa hivyo ulipaka punje za mahindi masizi ya sufuria upande mmoja. Tukizirusha, tulihesabu zilizoonyesha weusi. Ulisikiliza huku ukipukuchua bila kuangalia mikono yako, kisha ukasema, "Mashujaa wenu wote ni watu wa panga tu. Sasa nani atawalinda hao wenye panga?"

Tangu siku hiyo msimulizi ukawa wewe. Ukaumba Ngao, anayepokea mapigo ya wenzake lakini hawezi kukimbia. Ukaumba Mpiga Kombeo, ambaye ni hatari akiwa mbali, lakini ukimfikia amekwisha. Nilistaajabu, na bado nastaajabu, jinsi kila nguvu uliyotoa ilivyokuja na udhaifu wake, kana kwamba watu hao uliwahi kuishi nao.

Binti yako Naliaka alichagua Ngao. Mimi nilitaka kombeo, nijifiche mitini nisionekane. Ukakataa. Ukanipa Mwenye Njuga. Huyo hana silaha. Anatembea akitikisa njuga, na adui wote wanamsikia, lakini mwenzake yeyote anayezisikia haanguki.

Wafula alicheka. "Ati msichana na njuga? Senge, si hizo ni za vijana wakienda kualika watu kwa tohara?"

"Wafula, huu mchezo ni wa nani?"

"Ni wako."

"Basi rusha punje, bana."

Nikakunong'oneza kwamba sauti yangu ni ndogo. Hukucheka. "Si ndiyo maana nimekupa njuga, mama? Wewe tikisa tu. Usiache."

Mchezo wetu wa mwisho uliishia darajani. Ngao wa Naliaka alikuwa amesimama katikati, adui pande zote mbili, na mimi nilikuwa bado msituni. Ulisema tutamalizia likizo ijayo. Kabla shule hazijafungwa, tulikuja Tongaren kukuzika.

Sasa Naliaka anaishi nasi. Tangu mazishi hajasema neno, anaitikia kwa kichwa tu. Baba anasema apewe muda. Mama, kila nikitoka chumbani kwetu, ananiuliza polepole, "Ameongea?" Nami natikisa kichwa.

Leo tulikuwa watatu tukipukuchua. Nikachukua punje, nikazipaka masizi, nikamsogezea Wafula. Akazirudisha kwangu. "Simulia wewe. Mimi nitaharibu."

Senge, hata darasani huwa sinyooshi mkono. Nilisema huku nikitazama sakafu: "Ngao bado amesimama darajani. Amechoka. Halafu msituni kunasikika njuga."

Sikuwa na njuga. Nilichukua funguo za Baba nikazitikisa. Naliaka aliendelea kupukuchua kama hajasikia. Mkono wangu ukaanza kuuma, Wafula akanitazama kana kwamba ananiambia inatosha, nikakumbuka ulivyoniambia nisiache. Nikaendelea kutikisa.

"Ziko mbali?"

Sauti ya Naliaka ilikuwa ya kukwaruza. Nilidhani nimeota, mpaka nikamwona Mama amesimama mlangoni na mkono mdomoni.

"Zinakaribia," nikasema.

Naliaka akakunjua kiganja chake. "Leta punje nirushe."

Senge, ulijuaje? Ulimuumba shujaa huyu tukiwa tunacheka, kabla yeyote wetu hajamhitaji, ukampa mtu ambaye asingethubutu kumchagua. Nakufikiria na kunyamaza, jinsi watu wanavyonyamaza mawingu yakifunguka na mlima wote ukaonekana.

Adui bado ni wengi, na Naliaka hajavuka. Lakini wewe pumzika huko Tongaren. Mimi nimeshatoka msituni.

Mtoto wa kaka yako,
Mwenye Njuga