Kitanda cha Mama Ndani ya Haisi

Mdogo wangu Elia,

Ujumbe wako nimeupata. "Dada, nitumie kile kitanda huku Liganga. Nalala kwenye Haisi, baridi inaniua." Basi. Hata salamu hakuna. Miezi minane umenyamaza tangu tumzike mama, na neno lako la kwanza ni kitanda. Niliusoma nikiwa kwenye cherehani, hapa hapa Makambako, na suruali ya mteja ikatoka mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Nakujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu ungenikatia.

Unakumbuka kilivyoanza? Mama alikuwa ameanguka shambani Mawengi, nyonga ikaharibika, daktari wa Njombe akasema safari ndefu asiketi, alale. Wewe ndiye uliyekuja na wazo. Kitanda cha kufunga na kufungua ndani ya Haisi, gari lako la mizigo, maana gari ndilo lililokuwa linakulisha na usingeweza kuliacha liwe la mgonjwa peke yake. "Bolti nne tu, Dada," ulisema, umechangamka kama bwana harusi. "Spana moja. Dakika kumi kiko nje, napakia viazi. Dakika kumi kiko ndani, nampakia mama."

"Mama na viazi unavitaja pamoja?" nikakuuliza, tukacheka wote.

Wiki ile nilikupenda sana, Elia. Nakwambia wazi ili ujue ulichokipoteza. Ulipima sakafu ya gari kwa tepu yangu ya kushonea, ukakata kitanda vipande viwili vinavyokutana katikati, chini ukaweka droo ya chupa ya chai na blanketi. Mlangoni ukatundika kimeza cha kukunja ili mama anywe chai akiwa amejiegemeza. Mimi nikashona godoro. Mama sikumpima, nimemshonea magauni tangu nijue kushika sindano. Ukataka niliongeze urefu ili na wewe ujinyooshe ukiwa safarini. Nikakataa. Hiki ni cha mama, nikakwambia, miguuni patabaki nafasi ya kikapu chake.

Mbao nazo ulizitoa kiwandani mbichi, zinanuka utomvu, mkono ukizigusa unalowa. Nikakuomba uziache zikauke kwanza. "Dada, Njombe nzima imejengwa kwa mbao mbichi," ukanijibu. Ni kweli. Miti tunayo mingi, subira ndiyo hatuna.

Mara ya kwanza kilitolewa kwa ajili yangu. Nalisema mwenyewe ili usije ukadai nimekubebesha yote. Viazi vyangu vilikuwa vimechimbwa Kitandililo, mvua imetanda, na mama alikuwa achukuliwe Mawengi Jumanne apelekwe hospitali Njombe. Mimi ndiye niliyekwambia toa kitanda, mama atakuja wiki ijayo. Nikampigia simu kumweleza. Akanijibu, "Vikinyeshewa vitaoza, mwanangu. Mimi siozi."

Wiki iliyofuata ukaja kukirudisha. Mbao zilikuwa zimekauka barazani kwangu, jua la upande mmoja, zikasinyaa na kujipinda. Matundu yakakataa kukutana na bolti. Ukagonga kwa nyundo, ukatukana, ukakiegemeza ukutani. "Nitatoboa upya kesho." Kesho hiyo ikala wiki tatu, kwa sababu msimu wa viazi ulikuwa umekolea na wewe ulikuwa unahangaika na magunia ya lumbesa, yale yanayojazwa kupita kipimo, kutoka shamba hadi shamba. Nikikukumbusha unasema, "Dada, si kipo tu? Kitaenda wapi?" Kuku wangu wakaanza kutaga ndani ya droo ya chai.

Mama hakutusubiri. Alipanda basi. Nilipompokea stendi ya Njombe, kondakta aliniambia huyu bibi amesimama karibu njia nzima, kila akikaa anapiga kelele. Neno la kwanza alilonipa lilikuwa hili: "Usimgombeze Elia. Ana kazi." Akalazwa siku hiyo hiyo. Hakuwa na nguvu hata ya kushika kikombe.

Ndipo ukaamka. Ulitoboa yale matundu asubuhi moja. Asubuhi moja, Elia! Kazi yote iliyomsimamisha mama kwenye basi ilikuwa ya asubuhi moja. Ukafukuza kuku, ukasafisha droo, ukatandika godoro langu, ukajaza chupa chai, ukaja Njombe kumrudisha mama nyumbani akiwa amelala. Uliingia kwenye ukumbi wa wodi unatabasamu, spana inachungulia mfukoni. Ukanikuta kwenye benchi nimeshika kanga yake.

Halafu jeneza halikuingia. Watu walilisukuma, wakaliinamisha, likagonga kitanda, wakarudi nyuma wakikutazama. Ukatoa spana. Mimi sikuweza kukutazama usoni, nikawa natazama saa yangu. Dakika kumi, Elia. Hukudanganya hata moja. Kitanda ukakilaza kwenye nyasi za hospitali, na mama akasafiri hadi Mawengi sakafuni, mahali pa viazi.

Baada ya mazishi ukawasha gari ukaondoka kabla hata wageni hawajamaliza kula. Ukaniacha mimi nijibu kila aliyeuliza mtoto wa kiume yuko wapi. Nikawaambia ana kazi. Nilisema maneno ya mama, na yalinichoma mdomoni. Nina hasira na wewe, nami najichukia kwa viazi vile vya Kitandililo, na sina ndugu mwingine wa kumgawia hasira hiyo. Wewe ungekuwepo tungegombana mpaka tukachoka, pengine tukalia, yakaisha. Hata hilo ulininyima.

Kitanda utakipata; nilikifuata hospitali baada ya mazishi, pamoja na godoro lake. Kinakuja Alhamisi na lori la mbao linaloshuka Ludewa, litapita hapo Liganga. Bolti zote nne nimeziweka kwenye kopo, nati zake nimezipaka mafuta. Matundu sasa yanakutana vizuri, hutapata shida kukifunga.

Godoro silitumi. Nimelikunja liko juu ya kabati, na bado lina chaki niliyoandikia jina la mama upande wa kichwani. Hakuna mtu aliyewahi kulilalia, na wewe hutakuwa wa kwanza.

Lala juu ya mbao.

Dada yako