Alama za Pendo Ukutani

Ni mwaka 2025, msimu wa vuli, siku ya wazazi shuleni kwa mjukuu wangu Pendo hapa Korogwe. Filomena mwenzangu, hadi sasa siamini.

Mwalimu wa kompyuta, Hiza, alituonyesha wazazi jinsi kompyuta inavyopanga namba: hulinganisha mbili zilizo jirani, ndogo hushushwa, kisha hurudia. Akatumia alama halisi za darasa, pamoja na majina. Ukutani, kwa projekta.

Jina la Pendo likashuka mstari mmoja mmoja. Mstari mmoja mmoja, mwenzangu, hadi chini kabisa.

Mtoto akatoka nje, nikamfuata. "Bibi, hapa sirudi tena."

Nikarudi ndani. "Mwalimu, ungepanga hata mihogo. Alama za mtoto ni siri yake na ya nyumbani kwake."

Akajibu kwa adabu: "Shikamoo, Mwalimu. Ulinifundisha shuleni kule Mkata. Kila tulipofunga shule ulitusomea nafasi mbele ya wazazi. Mimi nilikuwa wa arobaini kati ya arobaini. Nilidhani ndivyo inavyofanywa."

Ndivyo inavyofanywa. Wala hakunikejeli.

Akazima projekta, akamfuata Pendo barazani, nami nyuma yake, akamwomba radhi.

Pendo akamtazama. "Kumbe nawe ulikuwa wa mwisho?"

"Wa mwisho kabisa. Muulize bibi yako."

Pendo akacheka, akarudi darasani. Tukabaki wawili, mimi na mwalimu wake.

Nikamwambia, "Hiza, nilikuaibisha mbele ya baba yako. Nimechelewa miaka thelathini, lakini nakuomba radhi."