Petro Hali Kwetu

Jumapili, 16 Aprili 1961
Baada ya misa vijana tumebaki tena kwenye chumba cha nyuma ya kanisa. Nimewachezesha pete: mmoja anaificha katika viganja vya wenzake, mwingine anabahatisha nani anayo. Petro, yule seremala aliyehamia hapa Weti, Pemba, kutoka Unguja, kapatia kila mara. Hatazami mikono. Anatazama nyuso. Sikupenda.

Kisha sinia. Muhogo wa nazi, nimeupika mwenyewe. Wote wamekula. Petro kasema hana njaa, kaondoka.

Jumapili, 23 Aprili
Tena hakula. Chai kanywa nusu kikombe. Zamani ningesema ni haya za mgeni. Siku hizi za siasa, asiyekula kwako keshakwambia chama chake. Watu hawauziani samaki, hawazikani. Mimi na kaka yangu, kila mtu anajua tuko upande gani. Na yeye je? Hata anakokaa hasemi.

Padri ametuonya: siasa ikiingia chumba hiki, anakifunga. Jumapili ndiyo siku pekee ninayocheka. Sitaki mtu aninyang'anye.

Jumatano, 26 Aprili
Kaka kamwona Petro akiingia kwa Bi Mize. Kumbe ndiko alikopanga! Wana wa Bi Mize ni wasemaji wakubwa wa chama kile kingine. Mtaa mzima umemsusa yule bibi, na sisi tumo. Mama hamwazimi tena kinu.

Basi nimejua. Anakuja kwetu kusikiliza, anakwenda kwao kusema. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumapili, 30 Aprili
Nimewanong'oneza wenzangu. Leo pete imezunguka, Petro karukwa. Hakuna aliyemmiminia chai. Alikaa kidogo, kisha akaaga kwa adabu. Adabu yake ndiyo iliyonikera zaidi.

Jumanne, 2 Mei
Nimemfuata. Ndiyo, kama polisi. Adhuhuri aliweka randa chini, akaenda kwa Bi Mize. Nikachungulia kwenye tundu la ua wa makuti. Nilitegemea wanaume, mkutano, maneno ya chini chini. Nikaona mkeka, sinia, na wao wawili tu.

"Kula, mwanangu," Bi Mize alikuwa akimwambia. "Mie peke yangu chakula hakipiti."

Jirani kaniambia wale wana wako Unguja tangu uchaguzi. Hakuna mwingine anayekanyaga pale. Petro anabaki na njaa yake mpaka afike, ili bibi wa watu apate kula.

Nimeona haya. Na hasira pia. Si angesema!

Jumapili, 7 Mei
Sikuchezesha pete. Sinia nimewaachia wenzangu, nikajaza bakuli, nikatoka na Petro. Tukashika njia ya kwa Bi Mize.

Bi Mize alinitambua pale pale mlangoni. Binti wa nyumba iliyomsusa, kaja na chakula. Aliliangalia bakuli, akaniangalia mimi.

"Onja weye kwanza."

Ni desturi, mleta chakula huonja mbele ya mwenzake. Kwetu siku zote tunaifanya kwa mzaha. Yeye hakucheka. Nikamega muhogo, nikatafuna, nikameza. Alinitazama koo mpaka tonge likashuka.

Kisha akasogea kidogo, nikapata pa kukaa mkekani.