Mtoto Asiyegeuka Akiitwa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeamka vizuri, goti limetulia, na karakana inanukia mbao mpya kama kawaida yake. Mama naye hajambo? Sisi huku ni wazima. Mkweo kazi zake zinakwenda na anakusalimu sana. Mimi sina la kulalamikia isipokuwa miguu, maana nesi wa shule hakai.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu hasa ni nini, ikiwa watoto wagonjwa hubaki nyumbani na wazima ndio huja shule. Siku ile nilicheka tu; leo nakujibu. Chumba changu ni kidogo, kiko ubavuni mwa stoo ya mipira: kitanda kimoja, mizani, pazia la kijani na dirisha linalotazama uwanja. Asubuhi ni magoti yaliyochubuka, na matumbo ambayo huuma siku za jaribio la hesabu tu. Hayo huisha kwa maji ya kunywa na maneno matamu. Lakini wapo wanaoumwa wenyewe bila kujua, na hao ndio kazi yenyewe.

Muhula huu mwalimu wa darasa la tatu aliniletea binti mmoja ambaye wenzake humwita Bibi Ndoto. Alisema amechoka naye. Ukimwita hageuki, ukimwambia afungue ukurasa huu anafungua mwingine, na ukimgombeza anatabasamu. Alikuwa amemhamishia nyuma ili asiwachanganye wengine, na ilishaanza kusemwa kwamba arudishwe darasa la pili. Aliniomba nimpime macho, labda haoni ubao.

Macho hayakuwa na kasoro. Kilichonishtua ni kwamba tulipoongea uso kwa uso alijibu kila kitu, tena kwa ucheshi, lakini hakuacha kuitazama midomo yangu. Nikasimama nyuma yake nikamwuliza jina lake. Kimya. Nikapandisha sauti kidogo. Kimya. Aliendelea kupaka rangi picha ya kuku niliyompa.

Nikamwita mama yake, mshonaji mwenye kibanda karibu na shule. Alikuja amenuna, utepe wa kupimia bado uko shingoni, akaniambia kwamba mwanawe si mgonjwa, ni mkaidi tu, na ukaidi wenyewe kautoa upande wa baba yake. Sikubishana. Nilimwomba asimame nyuma ya kiti cha binti yake, amwite kwa lile jina la nyumbani, la kumbembelezea. Akamwita. Akamwita tena. Mtoto akachagua penseli ya njano, akaendelea na kuku wake.

Mama yule aliketi kitandani bila kukaribishwa. Akasema, "Kumbe nimekuwa nikimchapa bure."

Niliketi kando yake, Baba, nikamshika mkono mpaka kengele ikalia.

Niliongozana nao hospitali. Daktari wa masikio alieleza kwamba chanzo ni homa kali aliyougua alipokuwa mchanga. Kusikia kulikopotea hakutarudi, ila vifaa vidogo vya kuvaa masikioni vingemsaidia sana. Hapo mama akasita, akihofia mwanawe atachekwa. Basi kabla vifaa havijafika niliingia darasani, nikawataka watoto wote wazibe masikio kwa viganja huku mwalimu wao akiwasomea hadithi ya kuchekesha. Hawakuambulia kitu. Walipoondoa mikono, walimgeukia Bibi Ndoto mmoja mmoja, na hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi.

Siku alipokuja navyo hawakumcheka. Ila kesho yake nusu ya darasa ilipanga foleni mlangoni kwangu, kila mmoja akidai hasikii kabisa, wakati mimi nawauliza kwa kunong'ona nao wananijibu. Bibi Ndoto mwenyewe, neno lake la kwanza kwangu baada ya kuvivaa lilikuwa kwamba viatu vyangu vinalia kama kifaranga. Siku hizi anakaa mbele, na anaongea mpaka mwalimu kaja kuniuliza kwa utani kama kuna kitufe cha kumzima.

Sasa nakuja kwenye lililonifanya niandike badala ya kupiga simu. Mama yule alipokuwa akimwita mwanawe, mimi nilikuwa nakuona wewe. Kaka analalamika kwamba siku hizi una maringo, watu wanakusalimu njiani unawapita. Mama anadhani umemkasirikia. Nilipokuja kuwatembelea wiki iliyofuata, nilikukuta unasoma gazeti, nikasimama nyuma yako nikasema kwa sauti ya kawaida kwamba nimeiuza randa yako. Hukutikisika. Nisamehe, Baba, nilikupima bila ruhusa. Miaka yote ile ya msumeno wa umeme imeyachukua masikio yako taratibu, na nahisi wewe mwenyewe unajua, ndiyo maana umeacha kukaa barazani na wenzako. Hakuna aibu hapo.

Na lipo lingine. Mara ya mwisho nilipokupigia nilikuwa na habari, nikamsihi Mama aniachie nikueleze mwenyewe. Nikakueleza. Ukanijibu kwamba mbao za namna hiyo siku hizi hazipatikani, ukaniaga. Nilicheka, nikalia kidogo, nikacheka tena. Basi isome hapa: mwaka huu hautaisha kabla hujaitwa babu.

Nimekuombea nafasi kwa daktari yuleyule, na mkweo atakuja kukuchukua Jumamosi. Tafadhali usimwambie una kazi nyingi. Nataka mjukuu wako akilia, wewe uwe wa kwanza kuuliza nani kamliza.

Mpe Mama salamu zangu, na umwambie sasa ana ruhusa ya kutangaza mtaa mzima. Kaka naye msalimie, na barua hii umpe aisome.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Nesi wa shule