Nzi wa Ndizi Mbivu

Mama,

Tangu tukuzike nyumbani Webuye, meza yako ya matunda pale Langas imechukuliwa na mwanamke mwingine. Anauza viazi. Mimi hupitia njia ya nyuma nisimwone.

Unakumbuka wale nzi wadogo waliokuwa wakifuata ndizi zako zikiiva sana? Ulikuwa unawafukuza kwa leso ukisema, "Hawa mashetani watanifukuzia wateja!" Sasa hao ndio kazi yangu. Mwilini mwao kuna kimeng'enya, kitu kidogo sana kinachoweza kubadilisha dawa. Hapa maabara ya chuo tunazifanya seli za kansa zitengeneze hicho kimeng'enya, kisha tunazitilia dawa. Dawa yenyewe, ikiwa peke yake, ni kama imelala. Kimeng'enya cha nzi ndicho kinachoigeuza kuwa sumu, humo humo ndani ya kansa. Seli ambazo hazina hicho kitu haziumii sana.

Juzi ilifanya kazi. Niliangalia kwenye darubini nikaona seli zimesinyaa, zimekufa. Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilitoka nje nikaketi kwenye ngazi nikalia, kwa sababu nilichokuwa naona ni kinywa chako. Vile kemo, ile dawa yako ya kansa, ilikichoma mpaka hata uji ukakushinda. Vile uliniuliza, "Kwani hii dawa haijui ugonjwa uko wapi?" Sasa jibu ninalo, na wewe hupo.

Na hata ungekuwepo, Mama. Hizo ni seli kwenye kisahani tu. Mwalimu wangu alituambia wazi kwamba kumfikia mgonjwa ni safari ndefu, na huenda isifike kabisa.

Jumapili Nafula alikuja kwangu, kitindamimba wako. Alishika mkono wangu akauweka kwenye titi lake. Kuna uvimbe, Mama. Mgumu. Mahali palepale ulipoficha wako. Kisha akasema, "Usiambie mtu." Sauti yako kabisa.

Kuomba kumenishinda. Nikipiga magoti naishia kukuita wewe.

Pumzika, Mama. Siwezi kukuahidi kwamba atapona. Ninachokuahidi ni hiki: kesho asubuhi nitamtoa kitandani hata akinitukana, twende hospitali pamoja. Na akiniuliza kama naogopa, nitamwambia ndiyo, naogopa, vaa viatu twende.

Mwanao,
Nekesa