Kwa Baba Aliyebaki Minnesota

Baba yangu,

Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nimesimama, kwa sababu kukaa nilishindwa. Umesema mkono wako wa kulia umepooza, mama wa yule mtoto wako wa huko ameondoka, na unataka nije huko nikutunze. Jibu langu limo humu, lakini kwanza utanisikiliza wewe. Ninaiandika barua hii wazi kwa makusudi. Nimeishi na wanawake wengi wa kwetu hapa Jeddah, na kila ninayemweleza habari zako huniambia anamjua mwanamume mwingine wa namna yako. Basi na waisome.

Uliondoka nikiwa na miaka kumi. Ulikuwa mwalimu wa jiografia pale Wundanyi, na hata safari yako uliigeuza kuwa somo. Ulichora ramani ya Amerika kwa chaki kwenye mlango wa jikoni, ukaweka nukta juu, katikati, karibu na Kanada. Ulisema, "Ni hapa. Miaka miwili, nikipata shahada narudi." Mama alikataza mtu yeyote kuupangusa mlango ule. Chaki ilifutika yenyewe, kidogo kidogo, kwa moshi na kwa mabega yetu tukipita.

Kisha barua zako zikaanza kuja, na nitasema ukweli, zilikuwa nzuri. Uliniandikia kwamba jina Minnesota ni la Wadakota, na maana yake ni maji yenye rangi ya mbingu. Kwamba maziwa ni elfu kumi na zaidi, na mtu anaweza kuishi maisha yake yote bila kuyamaliza kuyaona. Uliniambia ulikwenda ziwa la Itasca, mahali Mississippi unapoanzia, ukauvuka mto mkubwa kuliko yote ya nchi ile kwa kukanyaga mawe, na maji hayakufika magotini. Uliniandikia juu ya Waojibwe wanaoingia na mitumbwi katika mpunga wa porini, mmoja anasukuma kwa mti mrefu na mwingine anaupigapiga mpunga kwa vijiti viwili mpaka punje zianguke ndani. Juu ya vibanda ambavyo watu huviburuta hadi katikati ya ziwa lililoganda, wakatoboa barafu na kuketi wakivua samaki kati ya miguu yao. Juu ya ndege wa majini mwenye macho mekundu anayelia kama mtu aliyefiwa. Juu ya maonyesho ya mwisho wa kiangazi ambako nyuso za wasichana huchongwa katika bonge la siagi, msichana mwenyewe akiwa amekaa ndani ya chumba cha baridi amejifunika koti. Nyanya, mama yako mzazi, alicheka habari ya siagi hadi akashika ubavu.

Jumapili baada ya kanisa wageni walikuja nyumbani kusikia barua. Mama aliniweka kwenye kigoda, nikasoma kwa sauti. Watu walinyamaza. Mimi nilikuwa mtoto wa Mwalimu aliye Minnesota, na nilitembea njiani kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Nilipofika darasa la nane barua zilikatika. Hujui kilichofuata, kwa hiyo nitakwambia. Wageni waliendelea kuja. Jumapili moja jirani yetu Mama Wakesho aliuliza kama Mwalimu ameandika, na Mama akanitazama, akasema, "Soma ile ya mpunga, hii hawajaisikia." Walikuwa wameisikia mara tatu. Nikaichukua ile karatasi ya zamani, nikaisoma kana kwamba imefika wiki hiyo, na wageni wakatikisa vichwa kana kwamba hawajaisikia. Tulifanya hivyo mwaka mzima, Baba. Chumba kizima cha watu wazima kilisema uongo kwa adabu ili mke wako asiaibike, na aliyetangulia kuusema nilikuwa mimi. Kila barua nikaijua kwa moyo. Shule yangu ikaishia kidato cha pili.

Mama hakukutukana hata siku moja. Mjomba alipokuita mtoro, alimtoa nje ya nyumba.

Miaka ikapita. Ikafika ile ambayo maajenti wa kazi za Saudia walijaa kila mji, mabango yao hadi kwenye miti, na wasichana wa lokesheni yetu waliondoka wawili wawili. Na mimi nikaenda. Nilipelekwa Riyadh, katika nyumba ya ghorofa tatu mtaa wa Al-Malqa, ambapo niliosha, nilipika, na nilimwogesha bibi kizee wa nyumba ile aliyepooza upande mmoja. Nakumbuka siku ya kwanza madam aliponielekeza jinsi ya kumwita mumewe. Wewe umwite baba, alisema, sote tunamwita hivyo. Kwa miaka kumi na moja au kumi na mbili sikuwa nimelitamka neno hilo kwa mtu anayeweza kuitika. Nikaanza kulitamka asubuhi hadi usiku, kwa mwanamume aliyekuwa ameifungia pasipoti yangu kwenye kabati lake. Baba, chai. Ndiyo, baba. Ulinifikisha huko.

Katika nyumba ile alikuwako binti, Nuf, rika langu, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni. Juu ya meza ya chumba chake palikuwa na kitabu kikubwa cha picha. Siku moja nikikifuta vumbi nilikifungua tu, nikaona mawe yamepangwa mstari juu ya maji membamba, na msitu nyuma. Niliyajua kabla ya kusoma maandishi. Nilisimama na kitambaa mkononi hadi Nuf akaingia, nikadhani nitafukuzwa.

Aliniuliza kwa Kiingereza kama napajua mahali pale.

"Ni Itasca," nikamwambia. "Mississippi unaanzia hapo."

"Nani alikufundisha?"

"Baba yangu. Yuko huko."

Alikaa kitandani. Miaka minne alikuwa amesoma Minneapolis, na tangu arudi hakuwa amepata mtu wa kumsikiliza. Tukawa tunazungumza nikimpigia pasi. Alinieleza jinsi mjini walivyojenga njia za vioo juu ya barabara, kutoka jengo hadi jengo, watu wasiguse baridi, na jinsi alivyosikia Kisomali sokoni akajihisi yuko karibu na nyumbani. Ijumaa familia ikienda kwa ndugu zao, aliniachia kitabu nisome.

Humo nikasoma uliyoyaacha nje ya barua zako. Wadakota, uliowataja kwa ajili ya jina zuri la maji na mbingu, walikaa na njaa wakingoja walichoahidiwa kwa ardhi yao. Walipopigana, walishindwa. Wanaume thelathini na wanane wakanyongwa siku moja mbele ya umati, na waliobaki wakafukuzwa, wanawake na watoto wakapakiwa katika meli na kupelekwa mbali kwa njia ya mto. Wewe, mwalimu. Miaka minne ya barua na hukuwa na nafasi ya hilo. Ulinipa jina lao ukawaacha wenyewe. Nilikifunga kitabu nikaelewa jinsi unavyoandika: unachagua kinachopendeza, na mwenye kuumia unamnyamazia.

Nuf ndiye aliyekutafuta. Alikupata kwenye ukurasa wa mtandaoni wa Waafrika Mashariki wa Duluth, mji wa huko huko Minnesota, umesimama mbele ya lile daraja linaloinuliwa ili meli za chuma zipite, na kando yako mwanamke na msichana. Umeongezeka uzito. Nilikutazama muda mrefu nikitafuta kama unaonekana mtu anayesumbuliwa na jambo. Hukuonekana hivyo.

Nuf aliiomba namba yako kwenye ukurasa huo, tukapiga kwa simu yake. Kwetu ilikuwa alasiri, kwenu asubuhi. Mtoto akapokea, akasema kwa Kiingereza safi, "Halo, Mghoi anaongea."

Nilidhani ni mwangwi wa sauti yangu, maana Mghoi ni mimi. Nikasema namtafuta baba.

"Baba yangu?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo. Nilimsikia akikimbia na viatu sakafuni, akikuita.

Ulimpa jina la mama yako. Najua desturi, usinifundishe. Binti hupewa jina la nyanya yake, na wewe ulikuwa na binti, ukaishi kana kwamba nafasi iko wazi. Alionekana wa miaka tisa kwenye picha. Nilihesabu nyuma hadi darasa la nane, na hesabu ikakubali.

Ulipoishika simu nikakwambia ni Mghoi wa Wundanyi. Nilikuwa nimengoja neno lako la kwanza nusu ya maisha yangu, na neno lenyewe likawa, "Nani amekupa namba hii?" Kisha ukasema mwaka ule theluji imekuja mapema. Kisha ukashusha sauti, ukasema mkeo hajui, nisipige tena, utanitafuta mwenyewe.

Nuf alikuwa amekaa ng'ambo ya meza akitabasamu, anangoja kufurahi nami. Nilimwambia una kazi nyingi. Alinitazama, akainuka, akaenda jikoni kuchemsha chai ambayo kwa kawaida ningeichemsha mimi.

Hukunitafuta.

Nuf alipoolewa na karani mkubwa wa Bandari ya Jeddah, niliomba kwenda naye, na mumewe akawa kafili wangu, mdhamini ambaye bila yeye siwezi kutoka nchini. Nilikuwa hapa Jeddah Mama alipougua. Nilipoambiwa hali ni mbaya niliomba ruhusa ya kutoka. Nuf alikuwa amejifungua wiki hiyo. Mumewe alisema baada ya mwezi, inshallah, na Nuf, rafiki yangu wa Itasca, alimgeukia mtoto wake. Nao siwasahau. Lakini wao ni wageni, hawakuwa wameniahidi chochote kwenye mlango wa jikoni.

Mama alizikwa siku ya nne. Nilisikia nyimbo za mazishi kwa simu, nimejifungia chumba cha kufulia, mashine nimeizima. Ijumaa iliyofuata wanawake wa Kenya wanaokaa Al-Baghdadiyah walinikusanyia matanga katika chumba chao kimoja, Wakristo wakaomba, Waislamu wakaomba, tukala wali kwa sinia moja. Baadhi yao hata majina yao siyajui. Walikuja.

Wewe nilikuwa nimekuandikia maneno manne: Mama amefariki leo alfajiri. Ukajibu siku mbili baadaye. Uliandika, "Poleni sana, Mungu anajua," na chini ukaweka picha. Maji, jua linachomoza, na maelezo: hili ndilo Ziwa Superior asubuhi ya leo.

Niliirusha simu ukutani. Kioo chake kina ufa hadi sasa.

Sasa umeugua, na umesema kwenye sauti yako, na haya nayanukuu kama ulivyoyatamka, "Wewe umeshazoea kutunza watu, kazi hiyo unaijua." Ni kweli, naijua. Najua kumgeuza mtu mzito bila kumchubua. Najua kumlisha aliyepooza asipaliwe. Niliyajifunza katika mwili wa mama wa mtu mwingine, huku mama yangu akigeuzwa na majirani. Umetaja hospitali zenu nzuri, na jinsi majani yanavyobadilika rangi Septemba, na kwamba hatimaye utanipeleka Itasca. Bado unaniandikia kadi za picha, Baba. Kinachonikasirisha zaidi ya yote ni kwamba moyo uliruka uliposema Itasca. Ulinifanya niipende nchi hiyo kabla sijajua kukuchukia, na sasa siwezi kuvitenganisha viwili hivyo.

Sitakuja. Ikama yangu, kibali cha kukaa huku, inaisha mwezi ujao, nami sitaiongeza. Nakwenda Wundanyi, nyumba ina paa la kubadilishwa na kaburi halijajengewa. Tafuta mtu wa kukutunza huko ulikochagua. Umeishi huko karibu miaka ishirini, utakuwa na majirani. Ukipona, sitasikitika. Sikuombei mabaya, nimechoka tu kukuombea.

Ila kuna jambo hujui. Yule mtoto ameniandikia. Alikuona ukirekodi ile sauti, akaitafuta namba baada ya wewe kulala. Ana miaka kumi na minne, na ana maswali ambayo anasema ukiulizwa huanza kuzungumza juu ya hali ya hewa. Aliniuliza mimi ni nani kwake, nikamwambia. Aliuliza mama yangu aliitwa nani. Kesho yake akaandika swali moja tu: je, nimemkasirikia yeye?

Nilimjibu hapana, Baba, nikasoma tena nilichoandika, nikaona ni kweli.

Tunaandikiana kila Jumapili sasa. Ananisahihisha Kiingereza, nami namfundisha Kiswahili, hata salamu ulikuwa hujamfundisha. Akimaliza shule anakuja Wundanyi, amesema mwenyewe, na atakaa kwa muda anaotaka. Nilipomwambia atalala kwenye kitanda cha Mama aliuliza kama Mama angekubali. Nimemjibu kwamba aliyewahi kumtoa ndugu yake nje ya nyumba kwa ajili yako asingeshindwa kumpokea mtoto.

Usimzuie. Wakati huo ukifika, akikuuliza njia, mchoree ramani iliyo sahihi.

Ni mimi, binti yako mkubwa.